Sataranji si mchezo wa kichwa peke yake

Wengi hudhani kwamba mchezaji wa sataranji, kwa kuwa hukaa kitini, hahitaji mazoezi ya mwili. Mnamo Desemba 2021 huko Dubai, katika mchezo wa sita wa kuwania ubingwa wa dunia, Magnus Carlsen alimshinda Ian Nepomniachtchi kwa hatua 136, baada ya zaidi ya saa saba na nusu, muda ambao mgongo huuma na jicho huanza kuruka kete iliyo wazi kabisa. Kukimbia au kuogelea mara kwa mara huimarisha moyo na mapafu, tena huleta usingizi mzito, ambao naona hupuuzwa mno. Hata hivyo, madai kwamba mchezaji huunguza kalori 6,000 kwa siku yametiwa chumvi, kwani kufikiri sana huongeza matumizi ya nishati kidogo tu.