Je, wajua kwa nini baji wawili wa kijani huweza kupata kinda wa buluu?

Baji, yule kasuku mdogo wa Australia anayefugwa sana majumbani, kwa asili ni wa kijani. Hata hivyo, manyoya yake hayana rangi ya kijani hata chembe. Tabaka la nje la unyoya lina rangi ya njano. Chini yake kuna vitundu vya hewa vidogo mno vinavyoutawanya mwanga hadi tukaona buluu, na ndani zaidi kuna melanini nyeusi inayofyonza mwanga uliobaki. Njano ikiwa juu ya buluu, jicho huona kijani.

Njano ikikosekana, ndege huwa wa buluu. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chanzo ni jeni iitwayo MuPKS: asidi amino moja tu ya protini yake ikibadilika, njano haitengenezwi tena.

Kila baji ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima yatosha kutengeneza njano, ndiyo maana mwenye nakala moja nzima na moja iliyoharibika ni kijani kabisa na huwezi kumtambua kwa macho. Wawili wa aina hiyo wakipandana, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kinda wa buluu. Jike asishukiwe bure.

Nafasi hiyo ni ya kila yai peke yake, wala haina maana kwamba kila makinda wanne lazima mmoja awe buluu. Katika makinda watano, uwezekano wa kutopata hata mmoja ni karibu asilimia 24. Ukitaka kujua kama ndege wa kijani anaificha nakala ya buluu, mpandishe na wa buluu. Akitoka kinda mmoja tu wa buluu, jibu limepatikana. Wakitoka sita wote kijani, uwezekano kwamba bado anaificha buluu ni mdogo, ingawa haujaisha. Buluu kwa buluu hawazai kijani. Ukimwona kinda wa kijani hapo, tafuta baba mwingine. Wa kuangalia vizuri ni baji wa buluu wenye uso wa njano, kwa kuwa njano yao huweza kusambaa mwilini hadi waonekane kama wa kijani.

Jeni ya kukoza rangi haijifichi. Nakala moja humfanya wa kijani awe kijani iliyokoza, mbili humfanya wa rangi ya zeituni.

Panapowachanganya wengi zaidi ni lutino, yule wa njano tupu mwenye macho mekundu. Yeye amekosa melanini. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya jinsia iitwayo Z, na kwa ndege dume ana Z mbili ilhali jike ana Z moja na W. Binti hupata Z yake kwa baba tu. Kwa hiyo dume lutino na jike wa kijani hutoa mabinti wote lutino, na wana wa kiume wote kijani wanaoficha lutino. Wageuze, dume wa kijani asiyeficha kitu kwa jike lutino, na hutapata lutino hata mmoja. Jike hawezi kuificha jeni hii: anayo na inaonekana, au hana kabisa. Anayekuuzia jike wa kijani "mwenye lutino ndani" anakudanganya au hajui.

Faida yake ni kwamba katika jozi ya dume lutino na jike wa kijani unajua jinsia siku ya kuanguliwa. Macho ya lutino huonekana mekundu chini ya ngozi hata kabla hayajafunguka, ya wenzake ni meusi. Baadaye si rahisi, maana dume lutino hapati ile ngozi ya buluu juu ya mdomo inayowatambulisha madume wa kawaida. Yake hubaki ya waridi au zambarau.

Hesabu hizi zote huvurugika baba asipojulikana. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, hivyo kabla ya kumpa dume mpya mtenge wiki nne. Weka kila jozi kizimba chake, kwani katika banda la pamoja hata yai lenyewe huenda si la jike anayelilalia. Makinda wavishwe pete zenye namba wakiwa na siku 5 hadi 10, kabla mguu haujawa mnene mno kupita kwenye pete.