Floribert hakuulizwa dini yake, na bado ni mfiadini

Mtu akiniambia tena kwamba Floribert Bwana Chui "alikufa kwa ajili ya mchele, si kwa ajili ya dini", sitanyamaza. Nafundisha katekisimu hapa Goma, mji wake, na maneno hayo nayasikia hata kwa watu wanaokomunika kila Jumapili.

Habari yenyewe mnaijua. Kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua bidhaa, alikuwa mpakani, akakataa rushwa ili mchele mbovu usiingie sokoni. Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, akatangazwa Mwenyeheri. Msimwite Mtakatifu bado: mfiadini hadaiwi muujiza ili awe Mwenyeheri, lakini hatua inayofuata inaudai. Hata Sista Anuarite wetu, mfiadini wa Kongo, yuko kwenye ngazi hiyo ya Mwenyeheri tangu 1985.

Sasa hiyo "chuki dhidi ya imani", ambayo Kanisa huitafuta kwa muuaji kabla ya kumwita aliyeuawa mfiadini. Watu wanadhani lazima muuaji ashike panga na kusema: mkane Kristo! Basi Yohane Mbatizaji mtamweka wapi? Herode hakumtaka akane chochote. Yohane alimwambia si halali kuwa na mke wa ndugu yake, na kichwa chake kikaletwa kwenye sinia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwalimu mkuu wa teolojia, aliutumia mfano huohuo: tendo lolote jema linalofanywa kwa ajili ya Mungu ni ungamo la imani, na anayeuawa kwa ajili ya tendo hilo ni mfiadini. Ndivyo Kanisa lilivyomtambua padri Pino Puglisi, aliyeuawa na mafia Palermo mwaka 1993, na hakimu Rosario Livatino, aliyeuawa 1990. Wauaji wa namna hiyo mara nyingi wamebatizwa, tena wanabusu sanamu!

Na Floribert hakusema tu kwamba sheria inakataza. Wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha walei Wakatoliki, aliokuwa akiwahudumia nao maibobo, watoto wa mitaani wa mji huu, walishuhudia kwamba aliipima fedha ile kwa swali la kama anaishi kwa ajili ya Kristo.

Kuna jambo linanisumbua, sitalificha. Anayeua kwa sababu mzigo wake umezuiwa, je, anamchukia Kristo au anaililia hasara yake? Mambo hayo hukaa moyo mmoja, na sioni mizani ya kuyatenganisha. Vitabu vyetu vinapita hapo mbiombio. Lakini Kanisa halimchunguzi muuaji peke yake. Linauliza pia aliyeuawa alikubali kufa kwa ajili ya nani, na upande huo, kwa Floribert, sina shaka hata kidogo.