Mtutu wa AR-15 kwa mashindano ya bunduki tatu: tazama gesi na uzito kabla ya kundi la matundu

Katika mashindano ya bunduki tatu yanayopigwa Marekani, mshindani huingia steji moja, yaani kituo kimoja cha mashindano, na raifoli, bastola na bunduki ya marisau, na saa haisimami mpaka risasi ya mwisho. Raifoli hutakiwa kufanya kazi mbili zisizopatana. Kwanza ni kutoboa shabaha za kadibodi zilizo mita tano mpaka kumi, kwa risasi mbili mbili, ukihama kutoka moja hadi nyingine bila kupumua. Kisha, pengine ndani ya steji hiyo hiyo, ni kuegemea ukuta wa mbao na kugonga mabamba ya chuma yaliyo mita 200 mpaka 400. Mtutu ndio unaoamua kama kazi zote mbili zitawezekana kwa bunduki moja.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza mtutu unatoa kundi la matundu la ukubwa gani kwenye karatasi kwa mita 100. Kwangu hilo ni swali la nne. Kabla yake nataka kujua gesi inachukuliwa wapi, uzito umekaa wapi, na mtutu ukipata moto shabaha inahama kiasi gani. Hapa nazungumzia AR-15 ya kaliba ya .223 au 5.56, ile ya daraja la darubini moja ambalo wengi hushindana. Daraja la .308 lina hesabu zake.

Urefu kwanza, kwa kuwa ndio unaoleta ubishi usio na sababu. Sheria ya Marekani huihesabu raifoli yenye mtutu chini ya inchi 16 kuwa silaha ya kusajiliwa kabla ya kuundwa, ndiyo maana mitutu ya inchi 14.5 huuzwa ikiwa na breki (kifaa cha mdomoni kinachopunguza msukumo) iliyopigwa pini na kuchomelewa mdomoni ili ifikie 16. Kwenye mashindano utakutana na inchi 16, 18 na 20. Watu huchagua mrefu wakidhani wananunua kasi. Kila inchi huongeza takriban mita 8 mpaka 12 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya 16 na 18 tofauti ni kama mita 20 kwa sekunde. Kwa mita 300 hiyo ni tofauti ya sentimita tatu hivi za kushuka kwa risasi. Hakuna bamba utakalolikosa kwa sababu hiyo. Faida ya inchi 18 iko kwenye gesi.

AR-15 hujilisha kwa gesi inayochomoka kupitia tundu dogo juu ya mtutu, ikapita bombani na kurudi kusukuma kibebabolti, yaani kipande kinachobeba bolti, kifungio cha chemba ambamo ganda hukaa. Tundu hilo huwekwa takriban inchi 7.8 kutoka uso wa bolti kwenye mfumo wa kabaini, 9.8 kwenye mfumo wa kati, na 13 kwenye mfumo wa raifoli. Likiwa karibu na chemba, gesi huingia bombani ikiwa na shinikizo kubwa na moto zaidi: bolti hufunguka kwa kishindo, ganda huchomolewa wakati bado limeubana ukuta wa chemba, na darubini inaruka kutoka kwenye shabaha. Likiwa mbali, msukumo unakuja laini na darubini inatulia. Kwa mtu anayepiga risasi mbili ndani ya robo sekunde, utulivu huo ndio pointi zenyewe.

Lakini tundu haliwezi kusogezwa mbele ovyo. Risasi ikishapita tundu, gesi ina muda wa kufanya kazi mpaka risasi itoke mdomoni tu, kwa hiyo kipande cha mtutu kilichobaki mbele ya tundu kina maana kubwa. Raifoli ya inchi 20 yenye mfumo mrefu inabakiza inchi 7. Ya inchi 18 inabakiza 5, nayo inatosha iwapo tundu limetobolewa kwa kipenyo sahihi, karibu na inchi 0.093. Ukiweka mfumo huo mrefu kwenye mtutu wa inchi 16 unabakiwa na inchi 3 tu, na hapo bunduki huanza kuchagua risasi: inafanya kazi na zenye nguvu, inakwama na dhaifu, hasa ikiwa chafu au asubuhi ya baridi. Kwa inchi 16 chukua mfumo wa kati, unaobakiza kama inchi 6. Mfumo wa kabaini kwenye inchi 16 unabakiza 8 na kuipa bolti gesi nyingi kuliko inavyohitaji. Hufanya kazi kila mara, ila kwa purukushani ambayo mshindani anailipia kwa muda.

Ndiyo maana inchi 18 yenye mfumo wa raifoli imekuwa chaguo la kawaida la mchezo huu, nami sioni sababu ya kulipinga, isipokuwa kwa anayeshindana kwenye viwanja vifupi ambako raifoli haivuki mita 100. Huyo achukue 16 ya mfumo wa kati na kufaidi wepesi.

Nunua bloku ya gesi, kile kipande kinachofunika tundu na kushika bomba, yenye skrubu ya kurekebisha. Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache uwanjani. Funga gesi yote, weka risasi moja kwenye magazini, piga. Bolti isiposhikwa nyuma, fungua hatua moja, rudia. Ukifika mahali ambapo bolti inashikwa nyuma mara tano kwa tano, ongeza hatua moja au mbili za akiba, kwa sababu siku ya mashindano bunduki itakuwa na vumbi na masizi. Fanya hivyo kwa risasi dhaifu kuliko zote unazotumia. Maganda yakiruka kwenda mbele, gesi ni nyingi; yakitua kulia na nyuma kidogo, uko sawa. Ukibadilisha kibebabolti au bafa (uzito ulio nyuma yake ndani ya kitako) ukaweka nyepesi, anza upya.

Sasa uzito. Jumla ya kilo inadanganya. Cha kutazama ni umbo la mtutu kwa urefu wake. Ukihamisha mdomo wa bunduki kutoka shabaha moja hadi nyingine, bunduki inazunguka kwenye bega lako, na ugumu wa kuizungusha hukua kwa mraba wa umbali. Mdomo uko mbali na bega kama mara mbili ya umbali wa chemba. Kwa hiyo gramu 100 zilizo mdomoni hukupinga mara nne kuliko gramu hizo hizo zikiwa kwenye chemba. Mtutu wa kijeshi uliozoeleka, mwembamba chini ya kikingio cha mkono na mnene kuanzia bloku ya gesi kwenda mbele, umegeuza hesabu hii juu chini. Usiuchukue kwa mchezo huu hata ukiuziwa nusu bei. Unaotakiwa ni ule uliokerezwa mnene kwenye chemba, kisha ukapungua taratibu mpaka mdomoni.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuchukua mtutu mwembamba kama penseli, wa inchi 0.625 kwenye bloku ya gesi. Unazunguka kwa raha sana. Tatizo lake ni mara mbili. Mdomo mwepesi mno hupitiliza shabaha na kuyumba unapotaka kutulia kwa mita 300, na mtutu mwembamba hupata moto haraka. Kwa wengi kipimo cha inchi 0.750 kwenye bloku ya gesi, bila unene wowote wa ziada mbele yake, ndicho kinachokaa vizuri mkononi. Kumbuka pia kwamba breki ya mdomo ni sehemu ya uzito huo, tena iko mahali pabaya kuliko pote.

Joto lenyewe haliharibu shabaha. Kinachoharibu ni mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu kilipotobolewa na kukerezwa. Mtutu ukipata moto mkazo huo hujifungua na kuupinda kidogo upande mmoja. Ukuta usio na unene sawa pande zote hufanya vivyo hivyo. Mtutu uliotulizwa mkazo vizuri kiwandani unaweza kuwa mwembamba na bado usihame. Mnene uliofanyiwa kazi vibaya utahama. Hilo halionekani kwa macho wala kwenye tangazo, linapimwa. Piga risasi 10 mtutu ukiwa baridi. Piga 20 za haraka kwenye udongo. Bila kusubiri, piga 10 nyingine kwenye karatasi ile ile. Linganisha katikati ya makundi mawili, siyo ukubwa wake. Kwa mita 400, dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii, ni sentimita 11.6. Katikati ikihama zaidi ya hapo, bamba la sentimita 25 ulilolilenga sawasawa litapigwa pembeni au kukoswa, nawe utalaumu upepo.

Kwa hesabu hiyo hiyo swali la kundi linajibika lenyewe. Mtutu wa dakika moja na nusu hutawanya risasi ndani ya sentimita 17 na nusu kwa mita 400. Bamba la 25 linatosha, ingawa akiba ya makosa yako ni ndogo. Mtutu wa dakika moja unakupa nafasi nzuri. Nusu dakika ni pesa ambazo zingenunua risasi za mazoezi. Na tafadhali usihukumu kwa kundi la risasi tatu. Tatu zinaweza kuangukia pamoja kwa bahati. Kumi ndizo zinazosema kweli.

Chemba iwe ya .223 Wylde. Chemba ya .223 ya kawaida ina nafasi fupi kati ya shingo ya ganda na mwanzo wa michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu, na ukipiga humo risasi ya 5.56 shinikizo hupanda. Kiberiti cha ganda kinaweza kung'oka na kuangukia kwenye mtambo wa kufyatulia, bunduki ikakwama katikati ya steji bila wewe kuona sababu. Chemba ya 5.56 ina nafasi ya kutosha, ila risasi husafiri kidogo bila kushikwa kabla ya kukuta michirizi. Wylde hupokea zote mbili kwa usalama na kushika vichwa vizito vya risasi vizuri.

Msokoto: 1:8, yaani michirizi inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 8. M16 za awali, ndugu wa kijeshi wa AR-15, zilikuwa na 1:12 kwa vichwa vyepesi vya greni 55 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa). M16A2 ikaja na 1:7, kwa kuwa jeshi lilihitaji kutuliza risasi ndefu ya kuacha mwanga. Mshindani hana haja hiyo, na viwanja vingi hukagua risasi kwa sumaku na kukataa zenye chuma ndani kwa sababu hutoboa mabamba. Wewe utapiga greni 55 karibu na 69 au 77 mbali, na 1:8 hutuliza zote. Mtutu wa 1:9 ni kamari kwa greni 77: siku ya joto zinakwenda sawa, siku ya baridi hewa ikiwa nzito zinaanza kuyumba. Ukiona tundu kwenye karatasi limekaa kama tundu la ufunguo, risasi imefika kwa ubavu.

Kuhusu chuma sitakaa sana. Chuma kisichoshika kutu cha 416R hutengenezwa kwa usahihi kwa urahisi zaidi. Kromoli, yaani chuma chenye kromu na molibdenamu, iliyotiwa naitraidi huvumilia zaidi moto wa kupiga haraka na haikosi usahihi wa mchezo huu, ningeichukua hiyo. Bitana ya kromu hudumu sana, ila ni vigumu kuipaka kwa unene sawa, kwa hiyo usahihi hutofautiana kati ya mtutu na mtutu.

Mtutu mzuri huharibiwa zaidi wakati wa kufungwa. Risasi zote zitoke chumbani kabla hujagusa spana. Nyuma ya mtutu ikiingia kwenye risiva (mwili wa bunduki) na kucheza, weka shimu nyembamba au gundi ya kushikilia mitungi, kwa sababu kucheza huko utakuona kama risasi za kuruka nje ya kundi. Nati ya mtutu ipakwe grisi ya molibdenamu, kamwe si ya grafaiti, kwani grafaiti hula alumini. Ikaze na kuilegeza mara mbili, kisha ikaze ya tatu, kati ya Nm 41 na 108, mpaka bomba la gesi lipite bila kugusa popote.

Bloku ya gesi ina mtego mmoja. Mahali pa tundu kwenye mitutu mingi pamehesabiwa kwa kofia ya kikingio cha zamani kukaa nyuma ya bloku. Ukitumia kikingio kisichogusa mtutu, kofia haipo, na ukiisukuma bloku mpaka mwisho tundu linazibika kiasi. Acha mwanya wa milimita 0.75 hivi. Skrubu zake zikae kwenye vishimo vilivyochongwa kwenye mtutu, la sivyo bloku itahama kwa joto.

Bolti mpya ipimwe na mtutu mpya kwa geji mbili: ile ya kupita, bolti ifunge, ile ya kutopita, isifunge. Breki ipangwe kwa shimu badala ya washa ya kupondeka (pete inayobonyea ikikazwa), ambayo hukandamiza mdomo upande mmoja zaidi. Na soma kanuni za daraja lako kabla ya kununua breki, maana nyingi huweka kikomo cha kipenyo cha inchi 1 na urefu wa inchi 3.

Andika idadi ya risasi tangu siku ya kwanza. Mtutu huliwa kuanzia mbele ya chemba, na wa kwanza kukuambia ni umbali: kadibodi za karibu bado zinatobolewa vizuri, huku greni 77 kwa mita 300 zikianza kurusha moja pembeni katika kila kumi. Kabla ya kuuhukumu, safisha shaba yote ndani, kaza bloku, breki na darubini, kisha piga kumi tena. Zikirudi vilevile, agiza mwingine wenye umbo, mfumo wa gesi na msokoto ule ule, pamoja na bolti mpya, na uufunge wiki kadhaa kabla ya mashindano ili upate muda wa kurekebisha gesi na kulenga upya kwa risasi zote mbili.