Kontrola ya DJ: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kontrola ni kifaa ambacho DJ hukitumia kuendesha programu ya kuchanganya nyimbo iliyo kwenye laptopu. Dhana inayowapotosha wengi ni kwamba yenye pedi (vitufe vya kugonga kwa vidole) nyingi na magurudumu makubwa ndiyo ya kupigia shoo. Mnunuzi huitazama kwa juu, akavutwa na taa. Mimi ningemwambia aigeuze kwanza aone matundu yaliyo nyuma. Nyingi za wanaoanza zina RCA pekee, yale ya rangi nyekundu na nyeupe, na waya wake ukiwa mrefu huokota mvumo wa umeme. Mitambo ya ukumbini hupokea XLR, plagi ya pini tatu. Ndani ya waya huo sauti ileile hupita mara mbili, moja ikiwa imepinduliwa, na kelele inayoingia njiani hujifuta ikifika mwisho.

Kuna tundu jingine ambalo watu hulidharau: lile lililoandikwa BOOTH, la spika inayomtazama DJ mwenyewe, lenye kitasa chake cha kupandisha na kushusha sauti. Bila spika hiyo unategemea zile za wachezaji, na sauti huenda takriban mita 340 tu kwa sekunde. Spika iliyo mita 17 mbele yako inakufikia baada ya milisekunde 50. Kwa muziki wa biti 120 kwa dakika, hiyo ni sehemu ya kumi ya biti nzima. Ukiunganisha nyimbo mbili kwa kufuata sauti hiyo huku sikio jingine likiwa kwenye hedifoni, ngoma zitagongana na hutajua kwa nini. Kati ya kontrola mbili za bei moja, ningechukua yenye tundu hilo hata kama pedi zake ni chache.

Wengine hudhani kila kifaa chenye vitufe kinatoa sauti. MIDI, lugha ambayo vifaa hivi vimeitumia tangu 1983, haibebi sauti hata kidogo. Inabeba amri tu: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, kwa namba kutoka 0 hadi 127. Ndiyo maana Launchpad ya Novation au APC40 ya Akai, kontrola za MIDI zilizojaa vitufe, haina mahali pa kuchomeka spika. Ukiichukua, utahitaji kadi ya sauti ya pembeni yenye angalau njia nne za kutoka: mbili za ukumbi, mbili za hedifoni. Tundu la hedifoni la laptopu lina mbili tu, kwa hiyo huwezi kusikiliza wimbo unaofuata bila hadhira kuusikia.

Nalo suala la sauti kuchelewa kutoka baada ya kubonyeza: si kweli kwamba laptopu yenye nguvu humaliza tatizo peke yake. Kuna bafa, kiasi cha sampuli (vipande vidogo sana vya sauti) ambazo programu hukusanya kabla ya kuzitoa. Sampuli 512, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, ni karibu milisekunde 12. 128 ni kama 3. Kwa kuchanganya nyimbo, 512 inatosha. Anayepiga ngoma kwa vidole kwenye pedi ashushe, lakini sauti ikianza kukwaruza apandishe tena.

Eti kitufe cha SYNC ni cha wasiojua? Kinalinganisha kasi kwa kufuata alama za biti ambazo programu imejiwekea. Kwenye rekodi ya zamani ambayo mpiga ngoma alikuwa anaharakisha na kupunguza, alama hukosea na SYNC hufuata kosa hilo. Masikio bado yanahitajika.

Programu nayo si lazima iwe bure. Kontrola nyingine zinafungua Serato DJ Pro, programu kamili ya kuchanganya nyimbo, papo hapo, nyingine zinakuachia toleo la Lite, lililopunguzwa. Soma orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na programu hiyo kabla ya kutoa pesa.

Mwisho ni umeme. Kontrola inayotumia umeme wa USB haijali sana imechomekwa wapi, watu husema. Inajali. Tundu la USB 2.0 limekadiriwa kutoa miliampea 500, na kigawanyio cha USB (kifaa cha kuongeza matundu) kisicho na umeme wake hugawa hizohizo kwa kila kilichochomekwa. Chomeka kontrola moja kwa moja kwenye laptopu, na diski ya nyimbo kwenye tundu jingine.