Kadi ya grafiki kwenye kompyuta kuukuu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kompyuta ikichoka, iongezee kadi ya grafiki."

Kadi hiyo ndiyo inayochora picha za kwenye skrini, hasa za gemu. Kwanza ujue kinachoichosha kompyuta. Kama inawaka kwa dakika tatu na Chrome inaganda ukifungua kurasa sita, kadi haina hatia. Mshukiwa ni diski ya kuzunguka na RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, na SSD, diski isiyozunguka, itakupa nafuu kwa pesa kidogo. Anayecheza gemu ana kipimo cha bure: ashushe ubora wa picha ya gemu kutoka 1080p hadi 720p. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inahema. Zikibaki palepale, prosesa, ubongo wa kompyuta, imefika mwisho wake, na kadi mpya itakaa ikiisubiri.

"Ya GB 4 inaishinda ya GB 2."

Hapa ndipo wengi wanapopigwa. GB ni ukubwa wa ghala, yaani kumbukumbu ya kadi, na mlango wake ni kasi ya kumbukumbu hiyo. Kama mlango ni mwembamba, mizigo haitoki. Kadi ya GT 730 ya GB 4 yenye kumbukumbu ya DDR3, aina ya polepole, inaachwa mbali na GT 1030 ya GB 2 yenye GDDR5, aina ya kasi. Na hiyo GT 1030 nayo ina mtego wake: iliyotoka 2017 ina GDDR5, kisha 2018 ikaja nyingine ya DDR4 yenye jina lilelile, ambayo kumbukumbu yake inapitisha data kama theluthi tu ya ile ya kwanza. Soma boksi lote, usiishie kwenye namba kubwa.

"Ikiingia kwenye sloti, kazi imekwisha."

Sloti ni tundu la kuchomekea kadi, ila kuna suala la umeme. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya 2012, mashine ya ofisini inayouzwa sana ikiwa imetumika. Pawa saplai yake, kifaa kinachogawa umeme ndani, ni wati 275 kwenye kasha la mnara, 240 kwenye lile dogo, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Sloti yenyewe inatoa wati 75, basi. Kwa hiyo tafuta kadi inayoridhika na hizo. Mimi kwenye mashine hiyo sivuki GTX 1050 Ti, tena isiyo na tundu la umeme juu yake, maana yapo matoleo yanayolidai. Kasha dogo linataka kadi ya kimo kifupi. Ukishauriwa kuvuta umeme kutoka waya wa SATA, ule wa diski, kwa adapta, kataa. Plagi ile haikuundwa kwa mzigo huo na inaweza kuyeyuka.

"PCIe ya zamani haipokei kadi mpya."

Inapokea. PCIe ndiyo aina ya hiyo sloti ya kadi. Ila kadi ya RX 6500 XT ya 2022 inatumia njia nne tu za data, hivyo kwenye PCIe 3.0, toleo la zamani, inapoteza sehemu ya nguvu zake.

"Nikiweka kadi mpya nitapata Windows 11."

Kinachokwamisha hapo ni prosesa na TPM, chipu ya usalama. Kwa prosesa za Intel, orodha rasmi inaanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache za kizazi cha 7. Hiyo 7010 kwa kawaida ina prosesa ya kizazi cha 3, hivyo haimo, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.