Uimarishaji chanya katika malezi ni nini?

Uimarishaji chanya ni kumpa mtoto kitu anachokipenda mara tu baada ya kufanya jambo jema, ili alirudie. Kitu hicho chaweza kuwa sifa, kukumbatiwa, au nafasi ya kuchagua hadithi ya usiku. Kanuni hii ilichunguzwa kwa kina na mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner kuanzia miaka ya 1930, na kipimo chake ni kimoja: je, tabia imeongezeka? Kama mtoto hajali peremende, ukimpa hata kopo zima hujaimarisha chochote.

Wazazi wengi tunaimarisha tabia kila siku bila kukusudia, na mara nyingi ile tusiyoitaka. Mtoto akicheza vizuri na mdogo wake, tunashukuru kimoyomoyo na kuendelea na kazi. Akimpokonya mwanasesere, tunakuja mbio. Kwa mtoto mdogo, kuangaliwa na mzazi ni zawadi kubwa hata mzazi akiwa amekasirika, hivyo anajifunza kwamba ugomvi ndio unaomleta mama sebuleni. Na yule aliyelia dukani hadi akanunuliwa biskuti? Kilichopata malipo ni kilio. Ndiyo maana "nyamaza nikupe soda" humfundisha kuanza kelele ili abembelezwe.

Anza na tabia moja inayoonekana, kama kupanga viatu mlangoni. "Kuwa na adabu" ni agizo pana mno. Mtoto hajui aanzie wapi. Akipanga, mwambie papo hapo ulichokiona: "Umepanga viatu bila kukumbushwa, ahsante mwanangu." Mwanzoni msifu kila mara, hata akipanga kimoja tu. Akishazoea, punguza sifa taratibu. Ukizikata ghafla, tabia changa hufifia.

Zawadi za vitu zinahitaji uangalifu. Mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao walipoachwa wachague michezo wenyewe. Kwa hiyo mtoto anayependa kusoma usimwahidi pesa kwa kila kitabu. Kaa naye akusimulie alichosoma.