Pima, Ekari na Mwaka wa Nuru: Kipi Hugeuka Kuwa Kipi?

Dalali aliyenionyesha ploti huko Kisauni, Mombasa, aliipima kwa miguu yake. Hatua ishirini upande wa njia, hatua arubaini kwenda ndani, kisha akapangusa jasho: "Haya bwana, hamsini kwa mia hiyo." Alikuwa mtu mfupi. Siku ya pili nilirudi na tepu, nikapata futi 46 kwa 92.

Nilipokuwa nikilalamika barazani, mpwa wangu, ambaye siku hizi hana mazungumzo ila ya sayari na nyota, akaniuliza: "Mjomba, kwani ekari moja ni miaka ya nuru mingapi?" Wazee walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lina kosa moja tu. Ukishalijua, yaliyobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Tuanze na vipimo vya mwili, maana ndivyo tulivyorithi. Unene wa kidole ni wanda. Tanua kidole gumba na cha shahada, umepata futuri. Tanua gumba hadi kidole cha mwisho, hiyo ni shibiri. Toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati ni mkono mmoja, au dhiraa, na ukikunja ngumi ukapimia hapo inaitwa dhiraa konde, ambayo muuzaji mwenye roho mbaya huipenda sana. Nyoosha mikono yote miwili, ncha hadi ncha: pima. Utamu wa mfumo huu ni kwamba unakwenda kwa kurudufu. Shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Huhitaji kikokotoo.

Mvuvi bado anahesabu mshipi wake kwa pima, na nahodha wa zamani alikuwa akitupa bildi ajue maji yana pima ngapi chini ya chombo. Jina lenyewe la Kilindini ni kilindi, maji ya kina kirefu, ndiyo maana bandari ikawa upande ule.

Shida ya vipimo hivi tumeiona Kisauni: kila mtu ana mwili wake. Ndipo vikafungwa kwa namba. Tangu 1959 wari, yaani yadi, ni mita 0.9144 kamili, haipungui wala haizidi. Kwa hivyo dhiraa ya nusu wari ni mita 0.4572, na pima ni mita 1.8288. Na mita je, inatoka wapi? Hapo zamani Wafaransa waliitoa kwenye ardhi yenyewe, sehemu moja katika milioni kumi ya safari ya toka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Lakini tangu 1983 mita ni mwendo wa nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Yaani ile tepu ya muuza leso pale Mtaa wa Biashara, iliyofifia namba na kukatika ncha, kipimo chake kimeegemea nuru. Ya nchi kavu na ya angani yamekwisha kufungwa pamoja kitambo, sisi hatukuambiwa tu.

Sasa mwaka wa nuru. Jina hili limepoteza wengi, wakidhani ni muda. Si muda, ni urefu, na Mswahili hana sababu ya kushangaa. Ukiulizwa Malindi ni mbali kiasi gani utajibu "mwendo wa saa mbili kwa matatu," na hakuna atakayedhani umemtajia saa. Umemtajia masafa. Mwaka wa nuru ni hivyo hivyo: mwendo wa mwaka mmoja, ila anayesafiri ni nuru, ambayo haisimami njiani kupakia abiria. Kila sekunde inakata karibu kilomita laki tatu, na kwa mwaka inafika kilomita trilioni 9.46.

Kilimia tunakijua sote, kile kikundi cha nyota ambacho wakulima walikitazama wajue majira ya kulima. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kiko mbali nasi miaka ya nuru 444 hivi. Kwa hesabu hiyo, nuru tunayoiona leo kutoka Kilimia ilianza safari yake katika miaka ya 1580, Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu, maana ujenzi ule ulianza 1593.

Kuna vizio vingine viwili. Kizio cha kiastronomia ni masafa ya kadiri baina ya dunia na jua, na tangu 2012 kimewekwa kuwa mita 149,597,870,700 kamili. Nuru huimaliza njia hiyo kwa dakika 8 na sekunde 19. Cha pili ni paseki, nitakirudia.

Kugeuza ni kupitia mita tu, kama vile shilingi na riali zinavyokutana kwenye dola. Gawanya mita za kitu kile kwa 1.8288, umepata pima. Mwezi, ulioko kilomita 384,400, ni kama pima milioni 210. Jua ni pima bilioni 81.8. Mwaka mmoja wa nuru ni pima trilioni 5,173. Ukitaka dhiraa zidisha kwa nne, ukitaka shibiri kwa nane. Mpwa wangu alijaribu kuziandika shibiri za kufika Kilimia nyuma ya daftari la hesabu, akakosea sifuri, akaacha.

Paseki ndiyo ninayoipenda mimi, kwa sababu ni kazi ya mpima ardhi iliyopelekwa mbinguni. Nenda ukasimame ufukweni Mama Ngina jioni, utazame meli ya makontena inayongoja zamu nje. Nyoosha mkono, inua kidole gumba, fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue ufumbe la kulia. Kidole kitaruka. Tuseme kimeruka toka omo hadi tezi, na meli ina urefu wa mita 200. Kwa kuwa mkono wa mtu ni mrefu mara kumi hivi kuliko nafasi baina ya macho yake mawili, meli iko mara kumi ya mruko ule: kilomita mbili. Umepima bahari bila kulowa.

Wanaopima nyota hufanya vivyo hivyo, isipokuwa macho yao mawili ni Januari na Julai. Katika miezi hiyo sita dunia imehamia upande wa pili wa jua, na nyota ya karibu huonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali. Pembe ya kusogea huko ni ndogo mno. Digrii moja hukatwa dakika 60, kila dakika ikakatwa sekunde 60. Nyota ambayo, ukitazama toka huko, kizio kimoja cha kiastronomia kinaonekana na upana wa sekunde moja ya pembe iko masafa ya paseki moja: vizio 206,265, au miaka ya nuru 3.26. Ukitaka kuionja pembe hiyo kwa vipimo vya nyumbani, mwambie mtu anyooshe mikono yake pima moja, kisha umwache umbali wa kilomita 377, zaidi ya robo tatu ya njia ya kwenda Nairobi. Upana wake machoni mwako, kama ungeweza kumwona, ndio sekunde moja. Na hakuna hata nyota moja, ukiondoa jua letu, iliyo karibu kiasi cha kufikia pembe hiyo.

Aliyetangaza masafa ya nyota kwa njia hii mwaka 1838 ni Mjerumani Friedrich Bessel, na nyota yenyewe ni 61 Cygni. Alipata kama miaka ya nuru 10. Leo tunajua ni 11.4. Bessel huyo huyo, miaka ile ile ya 1830, alikuwa akipima ardhi ya Prussia Mashariki kwa pembetatu.

Turudi kwa ekari. Pima, wari, kizio, paseki na mwaka wa nuru vyote ni urefu, kamba iliyonyooshwa. Ekari ni eneo, mkeka uliotandikwa. Mkeka haugeuki kamba mpaka uambiwe upana. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ikate ukanda wa kutoka Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480, itatosha, lakini ukanda wako utakuwa na upana wa milimita 8.4, kama penseli. Inyooshe hadi mwezini, upana unakuwa sehemu moja ya mia ya milimita, mwembamba kuliko unywele. Inyooshe mwaka mmoja wa nuru na upana utakuwa mdogo kuliko atomu. Kwa hivyo jibu la "ekari ni miaka ya nuru mingapi" ni mingi au michache upendavyo.

Kosa hilo la kuchanganya urefu na eneo ndilo lililotaka kunipunja, nusura ninunue. Futi 46 badala ya 50, unaona pungufu ya nane kwa mia tu, si haba. Lakini pungufu hiyo iko pande zote mbili: 46 mara 92 ni futi za mraba 4,232, na mimi nilitajiwa 5,000. Zaidi ya asilimia 15 ya kiwanja imeyeyuka.

Kinachoweza kugeuzwa kuwa ekari ni mwaka wa nuru wa mraba. Huo una ekari 22 zikifuatwa na sifuri 27. Kwa hesabu kavu kila ekari ina ploti 8.7 za hamsini kwa mia, ila dalali atakwambia ni nane, nyingine imeliwa na barabara.